Kidole Gumba Pembeni mwa Sarafu

Jumapili, 9 Machi 2025. Ikonge.

Hadubini imefika. Beverlyne ameituma kwa basi kutoka Nakuru, imeviringishwa ndani ya fulana yake kuukuu ili isivunjike, na kwa wepesi wake nilidhani binti yangu ameniletea fulana tu. Ni kitu cha plastiki, kinene kama tochi, chenye taa ndogo zilizopangwa mduara mdomoni na waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Beverlyne amenionya kwamba ni ya bei rahisi, nisitarajie maajabu.

Kazi yake ni sarafu za baba. Baba alipofariki alituachia mkebe uliojaa pesa za Afrika Mashariki za zamani: senti zenye tundu katikati na pembe za ndovu ubavuni, na shilingi zenye simba. Mwezi wa Agosti ndugu zangu watakuja tugawane. Nimewaambia hakuna atakayeondoka na hata moja kabla sijazipiga picha zote, mbele na nyuma, kwa karibu kabisa, nione zilivyosuguliwa na vidole vya baba. Baada ya hapo wabebe.

Daftari hili ni la kuandika nimepiga sarafu gani na taa niliiweka vipi. Naandika Kiswahili kwa sababu mume wangu husoma Kiswahili polepole kama mtu anayetembea kwenye matope, akifika ukurasa wa pili amechoka. Kwa hiyo humu nitamsema kwa raha zangu. Jina lake ni Obwocha, lakini mimi namwita Baba Beverlyne, na leo ameizunguka hadubini mara kadhaa akiwa amefunga mikono nyuma.

"Hii mashine ni ya kuangalia nini? Pesa haina chawa."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Stima imepotea tangu asubuhi. Hakuna picha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewajua maadui zangu. Wa kwanza ni mng'aro. Zile taa huacha madoa meupe juu ya simba, anaonekana kama ana ndui. Nimekata kipande cha pakiti ya maziwa, nikakifunga mdomoni mwa hadubini kwa mpira wa nywele, na mwanga ukatulia. Adui wa pili ni kistendi chake. Kinateleza. Ukigusa gurudumu la kusafisha picha ili isiwe na ukungu, kila kitu kinahama.

Halafu sarafu ikilala bapa, simba anakuwa bapa pia. Lazima uinue upande mmoja kidogo ili manyoya yake yapate kivuli. Nilijaribu kuegemeza kwa punje ya mahindi, ikachomoka. Basi nikamwita Baba Beverlyne, aliyekuwa ameketi mlangoni akingoja mvua ipungue arudi kuchuna majani. Anabana ukingo wa sarafu kwa kidole gumba cha kulia, anainua kidogo, na hatikisiki. Mtu aliyechuna chai tangu utotoni vidole vyake vina adabu.

"Usipumue," nikamwambia.

"Nikiacha kupumua utabaki na hiyo simba yako peke yako."

Sarafu nzima haiingii kwenye picha, kwa hiyo napiga nusu halafu nusu. Shilingi ya 1948 imetoka vizuri mno, unaweza kuhesabu ndevu za simba. Pembeni kuna kidole gumba cha mume wangu, kikubwa kama kilima, cheusi kwa utomvu wa chai kama vidole vyote vya Ikonge. Juu ya ukucha kuna mstari mweusi uliosimama wima, kama umechorwa kwa kalamu. Nilicheka, nikamwambia akanawe.

Jumapili, 16 Machi

Kila Ijumaa kabla ya jua kutua Baba Beverlyne husugua vidole kwa limau na majivu. Yeye ni shemasi, hataki kushika Biblia siku ya Sabato kwa mikono ya chai. Leo alipokaa mezani vidole vyake vilikuwa safi kama vya karani.

Mstari upo.

Nimemuuliza ni nini. "Ni chai. Imeingia ndani ya ukucha. Ukichuna miaka kama yangu hata wewe utakuwa nayo."

Mimi pia nachuna, tena tumechuna shamba moja tangu anioe. Nimetazama kucha zangu zote. Sina.

Jumatano, 19 Machi

Senti kumi ya 1942. Tundu lake halikutobolewa katikati sawasawa. Nimeipenda kwa sababu hiyo.

Jumapili, 30 Machi

Tryphosa, mke wa shemeji yangu, alikuja kuomba chumvi akakaa mpaka chai ya pili. Nikamwonyesha picha. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Beverlyne, wewe umezaliwa Ikonge ama umeletwa jana? Hapa nani hana kidole nyeusi?" Akanyoosha vyake. "Angalia yangu. Mimi pia nikimbie hospitali?"

Nikamwambia alete. Nikaweka kidole chake chini ya hadubini, akanyamaza, kwa maana hakuna anayependa kuona ngozi yake ikiwa imepasuka kama shamba la Januari. Utomvu wake umekaa kwenye nyufa za ngozi na chini ya ncha ya ukucha. Nikaukwangua kwa sindano ya kushonea, ukatoka. Wa Baba Beverlyne hautoki. Hauko juu, uko ndani.

"Hiyo mashine itakufanya mgonjwa," Tryphosa akasema. "Kwa macho ya kawaida hakuna mtu mgonjwa hapa."

Labda ni kweli. Labda pia ni damu, maana alijigonga na nyundo alipokuwa akitengeneza banda la kuku. Lakini nimewaza hivi: ukucha huota kutoka shinani kwenda nje. Kama ni chai au damu, itasukumwa nje, na ukucha mpya utatoka safi. Kama ukucha mpya unatoka ukiwa mweusi, basi weusi una kiwanda chake huko ndani.

Nilitaka kuweka tone la kyuteksi, ile rangi nyekundu ya kucha ya Beverlyne, kwenye shina la ukucha, iwe alama. Baba Beverlyne karibu aangushe kikombe.

"Shemasi na kyuteksi? Unataka wanitoe kanisani?"

Basi nimechora mkwaruzo mdogo kwa tupa, pale chini kabisa karibu na ngozi. Ameniachia tu ili nimalize maneno.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua haikati. Mkwaruzo umeanza kusogea. Chini yake bado sioni vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Amesugua limau na majivu muda mrefu kuliko kawaida. Aliponiona namtazama akaacha.

Jumapili, 20 Aprili

Leo nimeogopa. Naandika ili mkono upate kazi ya kufanya.

Stima ilirudi baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumepanga kumaliza shilingi. Akashika sarafu kama kawaida, mimi nikasafisha picha, na badala ya kwenda kwa simba nikasogeza hadubini upande wa kidole chake. Hakujua, alikuwa akitazama ng'ombe kupitia dirishani. Mkwaruzo wangu umepanda juu, umeacha nafasi nyuma yake, na nafasi hiyo ndiyo ukucha mpya, wa Aprili. Ni mweusi. Tena ni mweusi kuliko ule wa zamani.

Nikafungua picha zote tangu Machi, nikazipanga moja baada ya nyingine kwenye kompyuta. Sikuwa na rula, lakini kila picha ina sarafu, na sarafu haikui. Mwezi wa Machi mstari ulikuwa mwembamba kuliko herufi moja ya maandishi yanayozunguka shilingi. Sasa herufi nzima inaweza kulala ndani yake. Na kule shinani, mahali ukucha unapoingia kwenye ngozi, kuna kivuli kimeanza kuvuka kikaingia kwenye ngozi yenyewe. Nilipangusa kioo cha kompyuta kwa kanga yangu. Kivuli hakikuwa kwenye kioo.

Nilimwita. Nilimwonyesha picha moja moja, bila kupiga kelele, na mimi nikianza jambo bila kelele anajua ni zito. Alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akarudisha mkono mfukoni.

"Umeanza lini kunipiga picha mimi?"

"Ulikuwa kwenye picha mwenyewe."

"Mama Beverlyne, mimi si sarafu ya baba yako."

Nikamwambia kesho twende Kisii, kuna daktari wa ngozi. Akasema mvua imeleta majani mengi na shamba haliwezi kungoja. Nikasema shamba litangoja. Akasema mikono yake ndiyo imemsomesha Beverlyne na haijawahi kumsumbua. Nikasema kuna ugonjwa unaanza hivi, nilisikia kwenye redio, na nikataka kuutaja kwa jina. Akainua mkono, ule mkono mwingine.

"Usiitaje. Ukiitaja ndani ya nyumba itajua njia."

Mwanamume mzima, shemasi, anayehubiriwa kila Sabato kwamba aliye juu ni Mungu peke yake, anaogopa neno. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia pia kwamba ni mkaidi kuliko fahali wa baba yake, na kwamba akifa kwa ajili ya kilo za majani nitamzikia kule kituo cha kuuzia majani, wampime kwenye mizani. Alitoka nje kwenye mvua bila koti.

Sitaliandika lile neno humu. Si kwa sababu yake. Nami pia sitaki lijue njia.

Jumatatu, 21 Aprili

Hatusemezani. Mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Amerudi kutoka Kebirigo na tyubu ya dawa ya kupaka. Mwenye duka la dawa alitazama akasema inaweza kuwa fangasi, maana wachuna chai mikono yao haikauki msimu huu. Amefurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Amepaka, amefunika kwa plasta, na jioni aliimba nyimbo za kanisa akikama.

Nilitaka sana iwe fangasi. Nilijilaza nikiwa nataka iwe fangasi.

Jumapili, 4 Mei

Hashiki sarafu tena. Anasema plasta inateleza. Nimelainisha kipande cha mshumaa nikakitumia kuegemeza, na kinafanya kazi. Picha zimekuwa safi, simba peke yake, hakuna kidole pembeni. Sizipendi.

Jumamosi, 10 Mei

Sabato. Alishika Biblia kwa mkono wa kushoto.

Jumanne, 13 Mei

Plasta mpya. Hajaniruhusu kuona anapobadilisha.

Jumapili, 18 Mei

Nilimpelekea uji shambani mvua ilipotulia. Miti ya chai ilikuwa imenifunika hadi kiunoni na ukungu ulikuwa mzito, kwa hiyo hakunisikia. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa mwisho karibu na migomba, kapu mgongoni halina kitu. Alikuwa amebandua plasta. Ameinua kidole karibu na uso, anakigeuza huku na huku akitafuta mwanga, jinsi mimi ninavyogeuza sarafu. Kisha akachukua jani la mgomba lenye maji, akasugua ukucha. Akatazama. Akasugua tena, kwa nguvu, mpaka nikaona midomo yake inakunjamana kwa maumivu.

Nilirudi nyuma na uji wangu. Tangu Aprili nimekuwa nikimwita mkaidi, humu na mbele ya uso wake. Si ukaidi. Anaogopa kuliko mimi, na tofauti ni kwamba mimi nina daftari na yeye hana mahali pa kuiweka hofu yake.

Nilipofika jikoni nikaita kwa sauti kubwa, "Baba Beverlyne, uji!" ili apate muda wa kurudisha plasta.

Jumamosi, 24 Mei

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Sisi Waadventista kabla ya mkate na divai hutawadhana miguu. Wanawake tulibaki kanisani na mabesheni yetu, wanaume wakaenda kwenye darasa la watoto kule nyuma. Mimi nilioshana na Tryphosa, ambaye mtekenyo humshinda hata siku takatifu. Kwa hiyo sikuyaona yaliyotokea kwa wanaume. Nayaandika kama nilivyoambiwa na Mzee Ratemo, aliyekuja nyumbani na mume wangu baada ya ibada, wakaketi wote wawili kimya mpaka nikadhani kuna msiba.

Ratemo ndiye aliyeanza. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mtu wa maneno machache.

"Mama Beverlyne, leo bwana yako alikuwa ananiosha mimi. Nimeweka miguu kwa besheni, ameinama, anaosha vizuri. Sasa ile plasta ikatoka, ikaanza kuelea kwa maji. Nikaona kidole."

Baba Beverlyne alikuwa anatazama sakafu.

"Unajua ndugu yangu Mose. Mlikuja kumzika."

Nilimkumbuka Mose. Nilikumbuka kwamba aliugua mguu, basi.

"Yeye ilianzia kidole kubwa ya mguu. Mstari kama hii, kwa ukucha. Tukasema ni gambuti zinamfinya, kwa sababu alikuwa anashinda kwa matope. Tukamnunulia gambuti kubwa. Ukucha ikawa nyeusi yote, ikatoka, ikawa kidonda. Wakati tulimpeleka, ilikuwa imepanda." Akagusa nyonga, akagusa kifua. "Gambuti, Mama Beverlyne. Tulikuwa tunalaumu gambuti."

"Alinishika mkono ndani ya maji," Baba Beverlyne akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Watu wamemaliza, wameanza kuimba, yeye bado ameshika. Nikamwambia, mzee niachilie tuende mezani. Akasema hataniachilia mpaka niseme siku."

"Na ulisema?" nikauliza.

"Jumatatu."

Nilikwenda jikoni nikalia huku nikigeuza ndizi ili wadhani ni moshi. Nimekuwa na picha miezi miwili, na kilichomsukuma ni besheni la maji.

Jumatatu, 26 Mei

Kisii. Daktari wa ngozi anaitwa Dahabo, mwanamke mdogo mwenye hijabu ya samawati na sauti ya chini inayokufanya usogee karibu. Alikitazama kidole kwa kioo chake kwa muda mrefu, akabonyeza ngozi ya shinani, akapapasa mkono mzima mpaka kwapani.

"Baba, hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Ni ya juzi tu," akasema mume wangu.

Nilifungua kompyuta. Sijui kwa nini niliona aibu, labda kwa sababu ya simba. Nilimwambia daktari samahani, hizi ni picha za sarafu, lakini kidole kipo. Hakucheka. Alivuta kiti, akazipitia kuanzia Machi, akiuliza tarehe, akiuliza ule mkwaruzo ni wa nini. Nilipomweleza akarudi nyuma akatazama tena.

"Mama, hizi utanitumia zote. Huwa naambiwa 'juzi' na kila mtu, na sina njia ya kujua." Kisha akamgeukia. "Baba, nisikilize. Watu wengi wa rangi yetu wana mistari kwenye kucha tangu ujana, tena vidole vingi, na si kitu. Wako ni mmoja, kwenye kidole kimoja, unapanuka, na umegusa ngozi. Leo sitaupa jina. Nitakata kipande kidogo kiende maabara Nairobi. Jina litatoka huko, nami nitawapigia simu."

Alimchoma sindano ya ganzi. Baba Beverlyne alinitafuta kwa mkono wa kushoto bila kugeuza kichwa, nikampa wangu. Kidole chake kilikuwa baridi.

Alhamisi, 29 Mei

Simu haijalia.

Jumapili, 1 Juni

Beverlyne amepiga. Nilirukia simu nikaumia goti. Nikamfokea kwa kuwa yeye si daktari, halafu nikamwomba msamaha.

Ijumaa, 6 Juni

Amesugua limau na majivu kwa mkono mmoja. Nilimshikia limau.

Jumatano, 11 Juni

Naogopa simu ikilia, naogopa isipolia. Nimechuna majani mpaka kapu likajaa kwa sababu ndani ya nyumba nasikia kila kitu. Tryphosa alikuja akachuna mstari wa pembeni yangu bila mzaha hata mmoja, nami nikatamani anicheke kama siku ile.

Jumanne, 17 Juni

Ni saratani.

Nimeliandika. Daktari Dahabo alilitamka polepole, kwa Kiswahili, akalirudia ili tusije tukajifanya hatukusikia. Ni saratani ya ngozi iliyojificha chini ya ukucha. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lile tangu Aprili, na bado liliponifikia masikio yangu yalijaa maji, nikaona tu midomo yake inatembea. Ilibidi nimwombe aanze upya.

Alichosema ni hiki. Bado iko juu juu. Haijashuka ndani, na kwapani hajapapasa uvimbe wowote. Ingengoja msimu mwingine wa majani angekuwa anatuambia habari nyingine. Lakini haiwezi kupakwa dawa wala kukwanguliwa. Itabidi kidole gumba kikatwe kwenye kiungo cha kwanza.

Mume wangu alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau mezani.

"Na chai nitachuna na nini?"

"Baba, nikikuachia kidole, sina hakika nitakuacha wewe."

Akatikisa kichwa kukubali, kwa heshima, kama anavyokubali makarani wa majani wakimwambia kilo zake.

Tulipotoka nje mvua ilikuwa imeanza, tukasimama chini ya kibaraza cha duka la viatu. Alisema, "Ninaogopa, Esnah." Hajaniita kwa jina langu tangu Beverlyne azaliwe. Nikamwambia nami naogopa. Tukabaki hapo tumeshikana mikono mchana kweupe katikati ya Kisii, watu wazima kama sisi, mpaka mwenye duka akatuletea viti.

Jumapili, 22 Juni

Jumatano ndiyo siku. Leo mchana nilikuwa nimewasha kompyuta nipige senti chache ili nisifikiri. Nilimsikia nje akisugua vidole. Si Ijumaa. Aliingia ananukia limau, akavuta kiti chake cha siku zote, akasogeza sarafu pembeni, akaweka kidole gumba chini ya hadubini.

"Piga hii peke yake."

Nikabandua kipande cha mshumaa, nikapanga mwanga.

"Mbele na nyuma," akasema. "Kama pesa zako."

Safari hii mimi ndiye niliyeshika. Niliweka kidole gumba changu chini ya chake, nikakiinua upande mmoja kidogo ili mistari ya ngozi ipate kivuli. Picha ikahama, nikafuta, nikapiga, nikafuta.

"Usipumue," akaniambia.

Nilipiga ukucha wenye mstari wake mweusi. Nilipiga shina lake. Nikakigeuza, nikapiga upande wa chini, ule unaokutana na kidole cha pili ukakata majani mawili na kichipukizi. Hapo pana sugu ngumu, inayong'aa, yenye utomvu ambao limau halijawahi kuufikia. Hapo ni chai kweli. Nilimwonyesha kwenye kompyuta, akakitazama sana.

"Kimefanya kazi," akasema.

Jumatano, 25 Juni

Wamekata. Ametoka salama. Ameomba uji.

Jumatatu, 30 Juni

Ratemo amekuja na kapu lake, akachuna shamba letu lote mpaka jioni, akapeleka majani kituoni, akaenda zake bila kunywa chai.

Jumapili, 13 Julai

Mvua imekwisha, sasa ni baridi na ukungu wa asubuhi. Daktari Dahabo ametupa majibu ya kipande walichokata: kingo ni safi. Nilimuuliza kama imekwisha. Akasema kwa sasa imekwisha, lakini tutarudi kila miezi mitatu, miaka kadhaa, na nyumbani nitazame kucha zake zote, nyayo zake na viganja vyake, nisiache. Nilimuuliza tena kama imekwisha. Akanishika bega.

Zimebaki shilingi chache tu mkebeni. Mchana huu Baba Beverlyne alikuja mwenyewe. Mkono wa kulia bado umefungwa kitambaa, kwa hiyo aliubana ukingo wa sarafu kwa kidole gumba cha kushoto. Hakijazoea. Kiliteleza, akatukana kidogo, kitu ambacho shemasi hapaswi kufanya, akajaribu tena mpaka kikatulia. Anasema mwezi ujao kitaanza kujifunza kuchuna.

Nilisafisha picha. Nikapiga.

Ilipofunguka kwenye kompyuta nilikwenda moja kwa moja pembeni, kwenye ukucha. Nikauvuta karibu. Nikatazama shina, nikatazama ncha, nikatazama ngozi inayouzunguka, nikarudi shinani. Hakuna kitu. Nikavuta karibu zaidi, mpaka picha ikaanza kuvunjika vipande vipande, nikatazama tena.

"Simba ametoka vizuri?" akauliza, akiwa bado ameshika, bado hapumui.

"Ametoka," nikasema.

Nilikuwa sijamtazama.